Mimi Sikuandika Leli

Kambini, kilomita ya mia na arobaini
Tarehe 3 Machi. Leo ni mwaka mmoja na miezi minne kamili tangu niondoke nyumbani.

Mdogo wangu,

Salamu zikufikie wewe, baba na shangazi. Mimi ni mzima, ila mgongo nadhani wamenibadilishia, huu si ule niliotoka nao. Mguu wa shangazi umepoa? Mwambie apunguze kusimama. Najua hatasikia, lakini mwambie.

Sisi tumehamishwa tena. Kambi ya zamani iko nyuma kilomita kumi na moja, na reli yote ya hapo katikati tumeilaza kwa mikono. Chuma kimoja tunabeba watu kumi na sita. Jua likishapanda hakishikiki bila glavu, na glavu zangu zimebaki vidole vitatu. Simu huku haishiki hata ukipanda juu ya tangi, kwa hiyo tuendelee na barua.

Sasa nakuja kwenye kilichonishikisha kalamu.

Dereva wa lori la maji hutuletea magazeti ya zamani. Juzi karani wa kambi alikuwa anatandika meza yake kwa gazeti, akaona picha ya kitanda. Nikasema, hiki kitanda nakijua. Ni changu, kile cha chuma, mguu mmoja umefungwa kamba ya katani. Picha nzuri, sitakuficha. Umekipiga asubuhi, mwanga ukiingia kwa pembeni, mpaka unaona godoro lilivyobonyea pale nilipokuwa nalala. Karani akasoma chini: "Si mdogo wako huyu aliyepiga na kuandika?" Kifua kikanivimba. Nikawaita wenzangu waliokuwa wanakunywa chai, nikasema njooni msikie, mdogo wangu ameandika habari zangu gazetini. Mimi mwenyewe niliwaita. Hilo ulikumbuke.

Karani akasoma kwa sauti barua zangu kama ulivyozichapa: "Balua yako nimepokea. Huku tunakura mala mbili kwa siku. Nikishakura narara. Jana tumebeba leli tangu asubuhi."

Halafu mmoja akauliza, "Mara mbili kwa siku mnapiga kura? Nchi gani hiyo yenye demokrasia namna hiyo?" Mwingine akajibu, "Mgombea ni mmoja tu, maharage, na anashinda kila siku." Watu wakaanguka chini kwa kucheka. Tangu siku hiyo mimi sina jina. Mimi ni Bwana Leli. Hata nyapara ameshika: "Bwana Leli, sogeza leli yako."

Uliniomba ruhusa ya kutumia barua zangu kwenye maonyesho yako, nikakupa. Nilikwambia chukua, kama zina faida. Lakini mimi sikuandika leli. Sikuandika balua. Nalaza reli mwaka wa pili sasa, nishindwe kuiandika? Nani amefanya hivi? Nataka kujua, na nataka arekebishe.

Neno la baba kwenye barua yako iliyopita nimeliona, mwambie mkanda nimekaza.

Kaka yako


Mjini, tarehe 2 Aprili

Kaka yangu mpendwa,

Barua yako imenifikia jana. Shikamoo. Pole na mgongo, pole na glavu. Nitakutafutia glavu za ngozi nimpe mtu wa lori. Shangazi hajambo, mguu umepungua uvimbe, na kusimama hajaacha kama ulivyobashiri. Baba hajambo.

Kuhusu gazeti, samahani sana. Yale ni makosa ya wachapaji. Unajua magazeti yetu, siku ya kufunga kurasa kila mtu anakimbia. Usiwajali hao wa kambini, watachoka wenyewe.

Acha nikupe habari njema. Maonyesho yamefunguliwa tarehe 20 ya mwezi uliopita. Ukumbi ni ghala la zamani la karatasi, kuta za matofali, nguzo za chuma. Nilikaa wiki mbili juu ya ngazi nikitundika. Picha ni za vitu ulivyoacha: kitanda, msumari wa koti, viatu vyako vya zamani, ule ukingo wa dirisha ulipokuwa unaweka wembe. Na katikati ya picha, barua zako, zimekuzwa kila moja kwa urefu wa mlango. Mtu anasimama mbele ya maneno yako na maneno yako yanamzidi kimo! Miaka tisa naandika kila Alhamisi kuhusu kazi za watu wengine, nani kachora nini, nani kaimba wapi. Nikirudi nyumbani nafungua picha zangu mwenyewe na kuzifunga tena. Safari hii watu walijaa mpaka ngazini kwa ajili ya kazi yangu. Yetu.

Mwigizaji mmoja alisoma barua zako kwa sauti. Watu walicheka, kisha wakalia. Na kuna mchapishaji anataka kitabu, picha na barua pamoja. Jina lako litakuwa kwenye jalada. Nilitaka ulisikie kwangu kwanza.

Wako,
Mdogo wako


Kambini, kilomita ya mia na hamsini na tatu
Tarehe 11 Mei

Mdogo wangu,

Salamu. Mimi mzima. Glavu zimefika, zimenitosha, asante. Kokoto za huku ni nyeusi na kali, buti zinaisha soli kwa mwezi mmoja. Mwenzetu mmoja amebanwa kidole, kimepona kimepinda, sasa anasema anaonyeshea njia ya kona.

Nimesoma maelezo yako mara tatu. Mimi si msomi lakini si mjinga. Makosa ya mchapaji ni kama mvua ya mawe, yanaanguka popote. Hapa kaacha herufi, kule karudia neno. Haya yako hayakuanguka. Yamepandwa kwa mistari kama mahindi. Kila penye R pana L, kila penye L pana R, barua nzima, bila kukosea hata mahali pamoja. Mchapaji gani anayekosea bila kukosea?

Na wewe unajua makosa hayo ni ya nani. Katika nyumba yetu kuna mtu mmoja tu ambaye kwake R na L ni ndugu wanaoazimana nguo.

Hukuwa umezaliwa, au ulikuwa mgongoni, nilipokuwa darasa la tatu. Mwalimu alinisimamisha mbele nisome "rafiki yangu ana redio". Nikasoma kama nilivyosikia nyumbani. Darasa zima likalia kwa kucheka, mwalimu naye akacheka, akaniambia nirudie ili wacheke tena. Nikarudi kwa baba na kamasi. Baba akaniweka juu ya kreti pale mlangoni, akasema, "Sema lafiki."

Nikasema, "Rafiki?"

"Ndiyo hivyo. Lafiki."

Nilicheka, naye akacheka. Halafu akagusa ulimi wake, akaniambia, "Wangu umeshakauka. Wako bado mbichi, na samaki hukunjwa akiwa mbichi." Akanipeleka kwa fundi redio wa mtaa wetu, akamwomba niwe nakaa pale kila jioni nirudie anayosema mtangazaji. Mwaka mzima. Fundi anachoma waya, mimi narudia habari za hali ya hewa. R zangu nimezitolea jasho. Wewe ulizikuta zimenyooka nyumbani kwa sababu mimi ndiye niliyekufundisha kusema.

Kwa hiyo niambie ukweli. Na niambie pia baba alikaa wapi siku ya ufunguzi. Umenitajia nguzo, umenitajia matofali, umenitajia watu ngazini. Baba hukumtaja.

Kaka yako


Mjini, tarehe 20 Juni

Kaka,

Shikamoo. Shangazi anakusalimu. Baba yuko kwake kwa muda, paa la nyumba linavuja upande wa chumba chake. Mimi nimebanwa na kazi, natoka alfajiri na kamera kabla wenye maduka hawajafagia, mchana niko gazetini, jioni naandika.

Umeuliza, basi nakujibu. Ni mimi.

Nilipompelekea mhariri wangu barua zako kwa mara ya kwanza, nilizinakili neno kwa neno, sikugusa hata nukta. Akazisoma amesimama. Akasema, "Nani atakayeamini kwamba kibarua ameandika haya? Hizi umeandika wewe, umeweka tu jina la kaka yako." Nikamwonyesha bahasha. Nikamwonyesha mwandiko wako. Akasema, "Mimi naamini. Msomaji je? Ni safi mno. Hazina vumbi." Na msimamizi wa maonyesho pale ghalani, siku ya pili, akaniambia neno lilelile. Safi mno.

Nikarudi chumbani kwangu, nikakaa mezani. Nilianza na neno moja tu, nione litakuwaje. Likakaa. Nikafanya la pili. Sikuhitaji kufikiri, kaka. Sauti ilikuwa tayari kichwani, tangu utotoni. Kufikia saa sita mchana nilikuwa nimemaliza zote. Nilipozipeleka, mhariri aligonga meza: "Sasa naisikia reli!"

Unaweza kukasirika. Lakini nawe nielewe. Picha pia mimi husubiri mwanga, husogeza kiti, hukata pembeni, na hakuna anayesema nimedanganya. Kazi ya sanaa ni kumfikisha mtu mahali. Watu wamefika. Wamelia kwa ajili yako, watu ambao wakikupita barabarani wasingekuona. Ningeziacha safi wangesema ni kazi yangu, na wewe usingekuwepo kabisa. Wewe unajua kulaza reli, sikufundishi. Usinifundishe na mimi kazi yangu.

Mdogo wako


Mjini, tarehe 25 Julai

Kaka,

Mwezi umepita, sijapata jibu. Umenuna au barua imekwama? Nakuandikia haraka kwenye dawati la gazeti. Sote wazima. Baba anakusalimu sana. Maonyesho yamepelekwa miji mingine miwili. Kitabu kinakwenda vizuri, mchapishaji ametaja Novemba.

Niandikie hata mstari mmoja.

Mdogo wako


Kambini, kilomita ya mia na themanini
Tarehe 12 Agosti

Mdogo wangu,

Barua zako mbili nimezipata siku moja. Ya Juni ilikwenda kambi ya zamani, ikakaa kwenye sanduku la mlinzi, na mlinzi alikuwa anaondoka na ufunguo. Sikununa. Sasa ndiyo nanuna.

Mimi mzima. Salamu nimetoa. Haya.

Uliogopa kuitwa mwongo, ukadanganya. Nimekaa na jambo hili siku nne, nikilitafuta upande wa kulishika, halina. Mtu amekwambia kibarua hawezi kuandika vizuri. Ulikuwa na bahasha mkononi, una mwandiko wangu, una kaka hai. Ulipaswa kumwambia: kama huamini panda lori, nenda kamuulize. Badala yake ulikaa mezani ukamthibitishia kwamba ana haki. Umechukua ushahidi wangu ukaupaka matope ili ufanane na anavyonifikiria. Halafu unaniambia bila hivyo nisingekuwepo! Aliyepo kwenye ukuta wako ni nani? Mimi simjui. Kitanda ni changu, yeye amelala tu.

Unasema husogeza kiti upate mwanga. Sogeza. Mimi si kiti.

Umetaja kazi yangu, basi nikwambie. Nyapara akipita na rula yake akakuta chuma kimekaa nje kwa upana wa kidole, tunang'oa, tunarudia, hata kama jua limetuua. Hakuna anayesema acha, kikipinda kidogo kitaonekana kimelazwa na watu. Atakayepita juu yake hatuoni, lakini tunamheshimu.

Na kama ulitaka makosa, yangu yapo! Herufi kubwa zinanishinda, koma naweka ninapopumzisha mkono. Hayo ungeyaacha nisingesema kitu, ni jasho langu. Wewe ukayasafisha hayo yangu, ukaniwekea ya mtu mwingine.

Na huyo mtu mwingine ndiye ninayemtaka sasa. Paa linavuja Juni? Tangu lini mvua inanyesha kwetu Juni? Baba amehama nyumba yake kwa mvua gani? Na hiyo "anakusalimu sana" umeitoa wapi? Baba hajawahi kumsalimu mtu sana. Baba husema, "Mwambie akaze mkanda." Barua tatu sasa sijaona mkanda.

Simamisha kitabu. Usinijibu chochote kabla hujaniambia alipo baba na kwa nini.

Kaka yako


Mjini, tarehe 1 Septemba

Kaka,

Shikamoo. Nimeanza barua hii mara sita. Naandika hii ya saba bila kuisoma tena, la sivyo nitaichana nayo.

Siku ya ufunguzi baba alikuwepo. Nilimnunulia shati. Alikaa mstari wa mbele, kiti cha pembeni, mikono juu ya magoti kama mtu anayesubiri daktari. Alitazama picha ya kitanda chako muda mrefu, akaniambia, "Kitanda hicho umekiweza." Kwa baba hiyo ni hotuba.

Kisha mwigizaji akapanda. Hakusoma tu kama nilivyoandika, kaka. Alitia chumvi. Ile "tunakura" aliivuta, akasubiri watu wacheke, akairudia. Ukumbi mzima ukacheka. Nilikuwa pembeni mwa jukwaa na kamera, nilikuwa napiga picha za watu wakicheka, kwa sababu nyuso zilikuwa nzuri. Ndivyo nilivyomwona baba, kupitia kioo cha kamera. Yeye peke yake hakucheka. Alikuwa amegeuka anawatazama wengine, mmoja mmoja.

Akasimama. Mwigizaji akadhani ni mtu anatoka kujisaidia, akamfanyia utani: "Mzee, unakwenda kupiga kura?" Wakacheka tena. Baba akasema, si kwa kelele, lakini mstari wa mbele wote walisikia: "Huyo si mwanangu. Mwanangu anasema vizuli. Huyo ni mimi."

Na walicheka hiyo pia, kaka. Kwa lile neno "vizuli". Walidhani ni sehemu ya mchezo.

Alikwenda kwa shangazi kwa miguu usiku uleule. Hajarudi nyumbani. Nimemfuata mara nne. Ananiona, anamwambia shangazi, "Mwambie mgeni chai ipo." Mgeni ndiye mimi. Mara ya mwisho nilimwambia baba nisamehe. Akamgeukia shangazi: "Mgeni anasemaje?" Shangazi alikwenda jikoni kulia. Na sasa hasemi na watu wa nje kabisa. Dukani ananyoosha kidole. Shangazi anasema amemaliza miezi hajatamka neno lenye R mbele ya mtu.

Sikukuandikia kwa sababu ningeandika, ingekuwa kweli.

Kitabu nimekisimamisha. Mchapishaji amekasirika, amenipa mpaka katikati ya Novemba, baada ya hapo atachapa kilichopo, mkataba unamruhusu. Ndani ya bahasha hii kuna kurasa zote za majaribio, na nakala za barua zako halisi. Sahihisha wewe. Mimi mkono wangu siuamini. Maonyesho yanarudi kwenye lile ghala tarehe 8 Novemba. Sijui yafunguliwe au yafungwe.

Mdogo wako


Kambini, kilomita ya mia mbili na moja
Tarehe 9 Oktoba

Mdogo wangu,

Nimeipata. Mimi mzima, tumebakiza kilomita nne tukutane na kikosi kinachotoka upande wa pili. Mchana kukiwa kimya tunasikia nyundo zao.

Barua yako niliisoma peke yangu nyuma ya tangi la maji. Sitaandika nilivyokuwa. Nilipotoka mtu akaniita Bwana Leli, nikamshika shati. Wakatutenganisha. Karani akauliza kuna nini, nikamwambia yote, mbele ya wote, ya baba na shati lake jipya. Hakuna aliyecheka. Jina hilo limekufa hapa kambini. Kibarua akielezwa jambo anaelewa, wala hahitaji kutiwa vumbi.

Kurasa nimemaliza. Nilifanya Jumapili tatu kwenye meza ya karani, yeye akishika barua zangu za kweli, mimi nikishika kalamu. Makosa uliyopanda ni mia nne na kumi na mawili. Nimeyang'oa yote.

Mengine niliyoyakuta. Ukurasa wa tisa umeandika kwamba machozi yangu yalidondoka juu ya chuma yakakauka. Lini? Sikulia, na ningelia ningekuwa nimevaa miwani ya vumbi. Nimekata. Ukurasa wa thelathini umeweka "nawakumbuka mno". Mimi niliandika "nawakumbuka". Nimekata hiyo mno. Na kwenye utangulizi wako umeniita "kaka yangu ambaye hakusoma". Hapo kalamu ilitoboa karatasi. Nilisoma mpaka darasa la saba, nikawa wa nne kati ya watoto arobaini na wawili, na nyumbani kulikuwa na fedha za kumwendeleza mtoto mmoja tu. Tukakaa mimi na baba tukaona uende wewe. Sijawahi kukwambia kwa sababu si deni. Lakini usiliandike kinyume.

Picha sikugusa hata moja. Ni nzuri. Ile ya viatu karani ameomba abaki nayo. Nimemkatalia.

Bado nina hasira na wewe, na sitaki uniandikie tena kuniomba radhi. Mimi ulinichezea nikachekwa na watu ishirini, nimewajibu. Baba ulimnyang'anya mdomo, na mdomo haurudishwi kwa barua. Umemfuata mara nne umwombe msamaha. Umewaambia wale waliocheka? Hata mmoja? Gazeti unalo, ukurasa unao kila Alhamisi.

Sasa sikiliza. Posta siiamini kwa kurasa hizi, ninazileta mwenyewe. Mkataba wangu unaisha tarehe 3 Novemba. Nyapara ananiambia nisaini mwingine, nimekataa. Tarehe 6 nitashuka stesheni kwa treni ya mchana. Usije kunipokea, na kamera usiitoe. Nitakwenda moja kwa moja kwa shangazi. Nitakaa na baba, nitamsomea ukurasa kwa ukurasa, na atakalosema litoke litatoka. Akisema kitabu kizima kisiwepo, hakitakuwepo, nitakwenda mimi kwa huyo mchapishaji na mkataba wake.

Lakini nitamwomba tarehe 8 tuje pamoja. Kabla ya siku hiyo yashushe yale mabango yote ya barua. Viti uvipange kama vilivyokuwa. Mwigizaji asiitwe. Utapanda wewe, mbele ya mhariri wako na msimamizi wako na kila aliyecheka, useme ulichofanya, useme ulimi ule ni wa nani na aliutumia kulea watoto wangapi. Halafu usome barua zangu kama nilivyoziandika.

Kama baba atakataa kuja, nitakuja peke yangu, na utasoma vilevile, kiti chake kikiwa wazi.

Tarehe 6 Novemba, saa nane mchana. Nitakuwa nimefika.

Kaka yako